Nina sauti ya kwaya na taarab, prodyuza anataka amapiano: nianzie wapi?

Shikamooni washauri,

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Tanga mjini. Tangu nikiwa shule ya msingi naimba kwaya kanisani, sauti ya pili, na kwa miaka mitatu sasa kikundi kimoja cha taarab cha Ngamiani huniita kwenye harusi niimbe nyimbo mbili tatu. Baadhi ni mashairi niliyotunga mwenyewe. Watu wananitunza na wengine wananifuata kuniuliza nyimbo hizo watazipata wapi. Hawazipati popote kwa sababu sijawahi kurekodi.

Nimedunduliza shilingi 800,000 kwa kuuza vitenge. Prodyuza mmoja hapa mjini amenisikiliza, akasema sauti ipo ila taarab ni ya kizamani, niimbe amapiano ndiyo inayouza. Atanirekodia nyimbo tatu kwa 600,000 na mabiti anayo tayari. Masharti yake ni kwamba nyimbo zitakaa kwenye chaneli yake ya YouTube, na nisaini mkataba wa miaka 5, yeye achukue asilimia 60 ya kila kitakachoingia. Nilijaribu biti moja. Kwenye vesi sauti ilizama hata mwenyewe sijisikii, kwenye kiitikio nikawa napiga kelele. Akasema nisijali, autotyuni itarekebisha.

Rafiki yangu naye anasema niende Dar nikaimbe singeli. Mwalimu wa kwaya amezisikia habari hizi na amenuna. Naomba mnisaidie: mimi ni mwimbaji wa muziki gani hasa? Na hela yangu niitumieje isipotee?

Njia Panda, Tanga

*

Marahaba, mwanetu.

Tuanze na lile biti, maana ndilo lililokuchanganya zaidi ya mkataba. Sauti kuzama kwenye vesi na kugeuka kelele kwenye kiitikio si dalili ya sauti mbovu, wala si ushahidi kwamba amapiano imekukataa. Ni ufunguo tu, yaani noti ambayo Do ya wimbo inakalia. Maprodyuza wengi hutengeneza biti huku wakijiimbia melodi kwa koo lao wenyewe, na wengi wao ni wanaume. Wewe ni mtu wa kwaya, kwa hiyo utalielewa hili kwa sol-fa. Tuseme Do ni D, na melodi inaanzia Do ya chini mpaka Mi ya juu. Mwanaume wa sauti ya tatu anaimba hapo bila taabu. Wewe wa sauti ya pili ukiimba palepale alipo yeye, Do ile iko chini mno kwako. Ukiipeleka oktavu ya juu, Mi inaangukia F# ambayo hata sauti ya kwanza huifikia kwa kujipanga. Ndiyo maana ukazama, kisha ukapiga kelele. Sasa ifanye Do iwe G. Melodi ileile itaanzia G iliyo chini ya C ya kati na kuishia B, nawe utaimba kama unazungumza.

Kwa hiyo kabla hujaamua chochote, ujue mipaka yako. Pakua programu ya kinanda kwenye simu, pasha sauti dakika kumi kwa kuvuma midomo na kupuliza kwenye mrija, kisha tafuta noti ya juu kabisa unayoweza kuiimba mara 12 mfululizo bila koo kukaba. Tunasema mara 12 kwa makusudi. Kiitikio hurudi mara tatu au nne ndani ya wimbo, na studio utakirudia tena kwa ajili ya sauti za kuongezea nyuma. Noti unayoifikia mara moja kwenye harusi, watu wakiwa wanashangilia, haikusaidii saa ya pili ya kurekodi. Ukishaipata, kilele cha kiitikio chako kiwe toni moja chini yake. Iandike kwenye daftari: Do yangu ni fulani kwa wimbo fulani. Prodyuza akikuuliza ufunguo, mpe jibu hilo.

Na mwambie mapema. Biti likiwa bado kwenye kompyuta yake vipande vipande, kubadilisha ufunguo ni kazi ya dakika chache. Likishakuwa faili moja lililokamilika, ukilisogeza zaidi ya nusu toni mbili au tatu, ngoma zinapoteza ukali na besi inakuwa kama imejaa maji. Mabiti “tayari” huwa na shida hiyohiyo, kwani mara nyingi yalitengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Sasa aina ya muziki. Wengi huanza kwa kuuliza nini kinauza. Sisi tunakuomba uanze na maneno yako, kwa sababu umesema mashairi unatunga mwenyewe na watu wanakufuata kuyaulizia. Hiyo ndiyo mali uliyonayo, na waimbaji wengi wenye sauti nzuri hawana. Mshairi wa taarab huandika mizani 16 kwa mstari, nane na nane, mfano “Nimengoja pwani hapa, jahazi halijafika.” Pima mstari kama huo kwa saa. Kwenye Bongo Fleva ya mapenzi inayotembea mapigo kama 95 kwa dakika, ukiulaza kwenye baa mbili, yaani mapigo manane, unapata sekunde 5. Ni muda wa kutosha kuvuta ile “fika” ya mwisho kwa mawimbi kama unavyofanya harusini. Kwenye amapiano, ambayo huchezea mapigo 112 hivi, unapata sekunde 4 na kidogo. Hapo shida si kasi sana, ni nafasi. Besi ndiyo mwimbaji mkuu wa muziki ule, na sauti ya mtu huingia kwa vifungu vifupi vinavyorudiwa. Shairi la beti tano litasongamana. Singeli huvuka mapigo 200, na 240 ni kawaida kabisa. Mstari wako utapita kwa sekunde 2, mizani nane kila sekunde. Singeli inataka mtu wa kuchana maneno kwa pumzi moja, mwenye vituko na ushindani wa jukwaani, na waliokulia kwenye vigodoro vya Tandale na Manzese wana ufundi huo mkononi. Tunaiheshimu kazi yao. Hatuoni sababu ya wewe kuacha unachokiweza ukaanze mwanzo kwao.

Lakini usituamini kwa maneno matupu. Chukua shairi lako moja, ubeti mmoja na kiitikio. Litie kwenye midundo mitatu: mapigo 95 ya nne nne, mapigo 112 ya amapiano, na chakacha, ule mdundo wa ngoma za pwani, wa sita kwa nane. Midundo mitupu ya ngoma inapatikana kwenye programu za bure za simu. Rekodi dakika moja moja ukiwa chumbani, funika dirisha kwa blanketi, simu iwe umbali wa shubiri moja. Ziache siku mbili usizisikilize. Kisha wasikilizishe watu watano wasiofahamiana, kila mmoja peke yake, na usiwaulize kama wamependa, kwa maana watasema ndiyo ili wasikuudhi. Kesho yake waulize wanakumbuka maneno gani. Mdundo ambao watu watatu kati ya watano wanakurudishia kiitikio chako bila kusitasita ndio unaokufaa kuanzia. Kwa ulivyojieleza, tunatarajia itakuwa mapigo 95 au chakacha, ila masikio ya watu yana neno kuliko sisi.

Na huyo aliyekwambia taarab ni ya kizamani, mkumbushe kwamba ni hapo hapo Tanga ambapo vikundi vya Black Star na baadaye Lucky Star, kuanzia miaka ya 1960, vilitia gitaa la umeme, besi na mdundo wa kuchezeka kwenye taarab, na sauti ya mwimbaji wao Shakila ikasikika pwani nzima. Taarab ya mji wenu imezoea kuchanganya. Biti la kisasa lenye fidla halisi ndani yake ni mwendelezo wa kazi hiyo, na hiyo ndiyo ladha ambayo mwimbaji wa Dar hawezi kuinunua kirahisi. Muombe mpiga fidla wa kikundi chenu aje studio saa moja. Mlipe.

Hilo linatupeleka kwenye autotyuni. Kazi yake ni kuisukuma kila noti ikae kwenye noti kamili iliyo karibu. Mawimbi yako ya taarab yanaishi katikati ya noti. Ikiwekwa kwa kasi, kama ilivyozoeleka, itayakatakata yawe ngazi, na kile kinachofanya watu wainuke kukutunza kitakuwa kimefutwa. Kama ufunguo uliowekwa kwenye programu si sahihi ndiyo balaa zaidi, maana itakuvuta kwenye noti ambayo hukuikusudia. Mwambie fundi maneno haya: weka ufunguo sahihi, kasi iwe ya polepole, na palipopinda parekebishwe kwa mkono, noti moja moja. Akikataa, angalau aache mistari yenye mawimbi bila kuigusa.

Studio kuna tabia za kwaya ambazo itabidi uziache mlangoni. Kwenye kwaya umefundishwa kutupa sauti mpaka benchi la mwisho na kuyeyusha sauti yako ndani ya wenzako. Maiki iko sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, haina haja ya kutupiwa, na inataka kukusikia wewe peke yako, hata ile pumzi ya kabla ya neno. Imba vesi kwa sauti ya kumweleza mtu aliyekaa mbele yako. Herufi P na B zitapiga upepo, kwa hiyo kiwepo kichujio mbele ya maiki, au ugeuze uso kidogo pembeni. Fundi ahakikishe kipimo cha ukubwa wa sauti hakigusi nyekundu hata unapofika kileleni. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haiponi baadaye. Kama chumba kina mwangwi, ile maiki ngumu ya jukwaani itakupa sauti safi kuliko maiki nyepesi ya studio inayonasa hadi bodaboda ya nje.

Hedifoni ndizo zinazoharibu waimbaji wageni wengi. Biti likiwa kubwa masikioni, unapaza sauti kushindana nalo, koo linakaba na noti zinapotoka. Omba lipunguzwe, au toa sikio moja nje ujisikie kama ulivyozoea. Omba pia utiliwe mwangwi kidogo wa masikioni tu, usioingia kwenye rekodi. Imba wimbo mzima mara nne kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha ndiyo mchague mstari ulio bora kutoka kila mzunguko. Kurekodi mstari mmoja mmoja kunaua hisia. Halafu rudia kiitikio mara mbili kwa ajili ya kukinenepesha, na hapo ndipo ukwaya wako unalipa: jiimbie mwenyewe sauti ya kwanza na ya tatu nyuma yake. Usirekodi siku inayofuata harusi, usinywe vitu vya baridi saa za kazi, na ukianza kukwaruza acha mrudi siku nyingine. Saa tatu za koo zinatosha.

Pesa. Nyimbo tatu kwa 600,000 ni nyingi kwa mtu ambaye hajui bado anasimama wapi. Rekodi mmoja, ukamilike. Bei hutofautiana na utapatana, lakini mgawanyo tunaokushauri ni huu: 200,000 biti pamoja na mpiga fidla, 120,000 kurekodi sauti, 180,000 miksi (kusawazisha sauti na ala) na mastaringi (kuung'arisha wimbo mwishoni), 60,000 picha na jalada, 60,000 usambazaji wa mtandaoni, 50,000 usajili na nauli. Jumla 670,000. Zile 130,000 zinazobaki usiziguse mpaka wimbo utoke, ni za bando na vipande vya video kwa wiki nane. Wengi humaliza hela yote studio, wimbo ukatoka kimyakimya ukafa wiki ya kwanza. Ukiweza, miksi apewe mtu tofauti na aliyetengeneza biti, kwa sababu aliyelitengeneza hulipenda biti lake na kuizika sauti yako chini yake. Usitumie biti la kushusha bure YouTube: ruhusa yake huwa na mipaka, limetumiwa na watu wengi, na mitandao inaweza kukuzuia kwa madai kwamba umeiba.

Ondoka studio na faili mkononi: wimbo uliokamilika kwa WAV, biti tupu, sauti tupu, na miksi kabla ya mastaringi. Ziweke kwenye fleshi na mahali pengine mtandaoni. Biti tupu ndilo utakaloimbia kwenye shoo.

Mkataba sasa, na hapa tunasema bila kuzunguka: usisaini huo. Kama 600,000 ni zako, yeye hajawekeza shilingi kwako, amelipwa kwa kazi yake. Asilimia 60 kwa miaka 5 ni malipo ya pili kwa kazi ileile. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki tofauti za mtunzi, za mwimbaji, na za mtayarishaji wa rekodi. Maneno na melodi ni vyako. Biti ni lake, isipokuwa akuuzie. Rekodi yenyewe ndiyo huleta ugomvi, kwa hiyo iandikwe: rekodi hii imegharamiwa na fulani na ni mali yake. Karatasi moja kwa kila wimbo inatosha, yenye jina la wimbo, nani alitunga nini, nani anamiliki rekodi, mgawo wa utunzi (nusu kwa nusu kati ya maneno na biti ni jambo la kawaida), kiasi kilicholipwa, tarehe, saini na shahidi. Kama anataka kweli kukusimamia kama meneja, huo ni mkataba mwingine: mwaka mmoja, atafanya nini hasa, asilimia 15 hadi 20 ya kazi alizozileta yeye. Wakili ausome kabla hujasaini.

Chaneli ya YouTube iwe yako, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Kampuni kadhaa za usambazaji, zile zinazopeleka wimbo wako Spotify, Boomplay na kwingineko, hukuruhusu kuweka mgawo ili sehemu ya prodyuza iende moja kwa moja kwenye akaunti yake, kwa hiyo hana sababu ya kushika chaneli ili alipwe. Wimbo ukikaa kwake na mkikosana, unaanza upya ukiwa huna hata msikilizaji mmoja.

Anzia kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri yako, atakuelekeza usajili wa msanii BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kisha sajili kazi yako COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Kabla ya hapo chagua jina na ulitafute kwenye Boomplay, Spotify na YouTube. Jina lenye mwenyewe litafanya wimbo wako uingie kwenye ukurasa wa mtu mwingine. Pakia wimbo kwa msambazaji wiki nne kabla ya siku ya kutoka, jalada liwe la mraba la pikseli 3,000 kwa 3,000. Spotify wanataka wimbo uombewe nafasi kwenye orodha zao angalau siku 7 kabla.

Usitegemee fedha kutoka huko mwaka wa kwanza. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo ambao haujasikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12, na YouTube inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka kabla ya kukugawia matangazo kwenye video za kawaida. Kipato chako cha karibu ni harusi zilezile. Ukiwa na wimbo rasmi, wanaokuulizia watakuwa na kitu cha kutuma kwa dada zao, na bei yako ya kualikwa inapanda. Kila harusi, omba mtu akurekodi sekunde 20 za kiitikio wageni wakiitikia. Ulizia pia miito ya simu kupitia msambazaji wako.

Mwalimu wa kwaya mwendee kabla wimbo haujatoka, usimwachie ausikie redioni. Kwaya nyingi zina kanuni kuhusu muziki wa nje, na ni haki yake kukwambia zinasemaje. Mpelekee maneno ya wimbo ayasome, na umwambie mazoezi utahudhuria siku zipi.

Kwa prodyuza, rudi wiki hii kwa upole na mambo matatu: wimbo mmoja, Do yako, na karatasi ya umiliki. Huenda akakubali, kwa maana hela taslimu ya kazi moja si haba. Akisema bila chaneli yake hakuna kazi, mshukuru, utafute studio nyingine.